Mwigizaji katika Nchi Isiyokuwa na Televisheni: Amandina Lihamba na Filamu ya Tanzania

1.0 Utangulizi

Jina la Amandina Lihamba si geni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Hata hivyo, katika makala na tasnifu nyingi jina hilo hutajwa kama la mtunzi wa tamthilia: Hawala ya Fedha (1980), Mkutano wa Pili wa Ndege (1992), na Harakati za Ukombozi (1982), ambayo aliitunga pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Kazi yake ya uigizaji wa filamu huguswa kwa nadra, na inapoguswa huwa ni kwa sentensi moja tu ya wasifu. Sababu yake haifichiki. Uhakiki wetu umezoea matini iliyochapishwa. Mwili, sauti na uso wa mwigizaji havimo katika kitabu, na kwa hiyo huachwa. Makala haya yanakusudia kuufafanua upande huo ulioachwa, na kuonyesha kwamba bila ya huo hata tamthilia zenyewe husomwa nusunusu.

2.0 Mazingira ya Kazi Yake

Lihamba alizaliwa mwaka 1944. Kizazi chake kilifikia utu uzima wakati Tanzania ilipokuwa ikijenga vyombo vyake vya utamaduni. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, lakini filamu za hadithi zilizotengenezwa nchini katika miongo miwili iliyofuata zilikuwa chache mno. Kuhusu televisheni, Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa maneno mengine, Lihamba alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini wakati kituo cha kwanza cha televisheni kilipoanza kurusha matangazo Bara. Mwigizaji wa kike wa rika lake huko Ufaransa, ambako tangu mwaka 1946 kipo chombo cha taifa cha sinema kinachorudisha sehemu ya mapato ya tiketi katika utengenezaji wa filamu mpya, aliweza kuhama kutoka jukwaani kwenda kwenye sinema, na kutoka kwenye sinema kwenda kwenye televisheni, na kila alipohama akalipwa. Tanzania haikuwa na ngazi ya namna hiyo.

Ngazi iliyokuwapo ilikuwa Chuo Kikuu. Lihamba alifundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alifikia cheo cha profesa. Mwaka 1985 alikamilisha shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti kuhusu siasa na sanaa za maonyesho nchini baada ya Azimio la Arusha. Kabla ya hapo, mwaka 1982 hadi 1983, yeye, Penina Muhando na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba, wakitumia ngoma na maigizo kuyajadili matatizo ya kijiji. Uzoefu wa Malya haupaswi kuchukuliwa kuwa jambo la pembeni. Huko mwigizaji hana pazia wala taa. Mtazamaji yupo hatua mbili mbele yake na anaweza kumkatiza wakati wowote. Aliyejifunza uigizaji kwa njia hiyo huwa hana haja ya kupaza sauti mbele ya kamera.

Filamu ya Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ilitoka mwaka huohuo wa 1985, na Lihamba alishiriki katika uigizaji wake. Ni filamu fupi inayohusu tiba ya asili na hofu ya mwanamke wa mjini dhidi ya waganga. Mwaka uliofuata ilitoka Mama Tumaini, ya ushirikiano wa Tanzania na Norway.

3.0 Samehe

Uigizaji unaostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi umo katika Maangamizi, filamu iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Ron Mulvihill. Filamu hiyo ndiyo ya kwanza kuwasilishwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, mwaka 2001. Ya pili, Vuta N'kuvute iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, iliwasilishwa mwaka 2022. Kati ya hizo mbili imepita miaka zaidi ya ishirini.

Katika Maangamizi, daktari wa magonjwa ya akili Mmarekani mweusi, Asira, anayeigizwa na BarbaraO, anafika katika hospitali moja ya Tanzania. Huko anamkuta mgonjwa ambaye amekaa kimya kwa miaka mingi. Mgonjwa huyo ni Samehe, na anaigizwa na Lihamba. Mhusika wa tatu ni Maangamizi, mzee wa kale wa ulimwengu wa mizimu, anayeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan.

Mtunzi aliyeishi kwa majibizano hapa ananyang'anywa maneno. Kinachobaki ni macho, shingo, mikono na namna ya kukaa. Inafaa kukumbuka kwamba Hawala ya Fedha, iliyotokana na hadithi ya Sembène Ousmane, hutegemea sana maneno ya wahusika: karatasi moja ya fedha huwafanya watu waseme, waombe na wadanganye. Anayesoma tamthilia hiyo peke yake ataamini kwamba nguvu ya Lihamba imo katika usemi. Samehe anaionyesha katika kuuzuia usemi.

Majina nayo yanadai ufafanuzi, kwani ndipo mtazamaji wa Kiswahili anapoachana na yule anayetegemea tafsiri zilizoandikwa chini ya picha. Samehe ni kitenzi katika hali ya kuamuru. Kila anapoitwa, aliyeumizwa anaamriwa asamehe, na mwitaji wala hana habari kwamba ametoa amri. Maangamizi, nomino inayotokana na kuangamiza, ni jina la yule anayemlinda. Mlinzi amebeba jina la uharibifu, na mjeruhiwa amebeba wajibu wa msamaha. Uso wa Lihamba ndio unaoupokea wito huo mara kwa mara bila kuujibu.

4.0 Baada ya Filamu

Mwaka 1996 Lihamba na Penina Mlama walianzisha mradi wa Tuseme, unaotumia sanaa za maonyesho kuwawezesha wasichana wa sekondari kuyataja matatizo yao hadharani. Miaka michache baadaye akaigiza mwanamke asiyesema. Wahakiki bado hawajaisoma sadfa hiyo kama inavyostahili.

Tatizo lililobaki ni la upatikanaji. Mwanafunzi wa Ulemo, wilayani Iramba mkoani Singida, anaweza kuazima tamthilia ya Lihamba kwa mwalimu wake, hata ikiwa nakala imechakaa. Filamu hizi hazina njia ya namna hiyo ya kumfikia. Zilitengenezwa kwa mitaji ya ushirikiano na nchi za nje, zikaonyeshwa zaidi katika matamasha, na hazikuwahi kuingia katika mihutasari ya shule pamoja na vitabu. Idara za Kiswahili zenye kozi za tamthilia zinaweza kuanza kwa kudai nakala za Arusi ya Mariamu na Maangamizi kwa ajili ya maktaba zao, na kuzifundisha sambamba na Hawala ya Fedha katika muhula huohuo.