Kadi 250,000 zinahitaji seva ya ukubwa gani?

Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, kwa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilaya ya Ngara, Tanzania. Wengi walipiga kambi Benaco. Katika msongamano ule watoto walipotezana na wazazi wao, na Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika mengine wakawa na kazi ya kuandikisha majina na kuyalinganisha: huyu anatafuta, yule anatafutwa.

Tuchukulie kazi hiyo inafanywa leo kwa seva ya utafutaji, kila mtu na kadi yake. Swali la kwanza la mnunuzi litakuwa: memori kiasi gani, diski kiasi gani? Wengi hujibu, “Nunua kubwa tu.” Mtaalamu hujibu, “Nipe kadi chache nipime.”

Kadi yenye jina, wazazi, kijiji na maelezo mafupi haizidi kilobaiti 2. Kwa hiyo kadi 250,000 ni megabaiti 500. Ukiweka na picha ya kilobaiti 50 kwa kila mtu, zinaongezeka gigabaiti 12.5. Mlaji wa diski ni picha, wala hakuna anayetafuta jina ndani ya picha. Ziwekwe pembeni, seva ijue tu zilipo.

Kinachotafutwa ni faharasa: kila neno na orodha ya kadi linamopatikana, mithili ya kurasa za mwisho za kitabu. Elasticsearch na Solr, zote mbili zilizojengwa juu ya Lucene, hufanya kazi kwa njia hiyo. Ukubwa wa faharasa hutegemea lugha na aina ya utafutaji, na hapo ndipo vipimo vya kuazima vinapokwama Ngara. Jina analoandika Mnyarwanda Habyarimana, Mrundi huliandika Havyarimana. Lugha za Wahangaza na Washubi, wenyeji wa Ngara, ni jamaa na Kinyarwanda na Kirundi, na karani mgeni anaweza kuandika r palipo na l. Programu inayodai herufi zilingane zote itamwambia mama kwamba mtoto wake hayumo, kumbe yumo.

Dawa mojawapo ni kulikata jina vipande vya herufi tatutatu. Habyarimana hutoa vipande 9, na 6 kati ya hivyo vimo pia ndani ya Havyarimana. Mashine inatambua kuwa majina hayo ni ndugu. Lakini jina moja sasa limeingia kwenye faharasa mara 9. Maelezo ya Kiswahili nayo yana mzigo wake: alipotea, walipotea, aliyepotea na waliopotea ni maneno manne kwa mashine, ingawa mzizi ni mmoja.

Kwa hiyo pima. Chukua kadi 10,000 kutoka kambi zote, si kambi moja. Hizo ni megabaiti 20. Ziingize kwa mipangilio ileile utakayotumia, kisha tazama diski. Tuseme faharasa imefika megabaiti 30. Zidisha kwa 25: megabaiti 750. Maneno mapya hupungua kadiri kadi zinavyoongezeka, hivyo ukikosea, yaelekea utakuwa umezidisha, hukupunguza.

Usinunue diski ya megabaiti 750 kamili. Lucene huandika faharasa vipande vipande, kisha huviunganisha, na vya zamani havifutwi mpaka kipya kikamilike. Tenga mara tatu: megabaiti 2,250. Seva ya pili yenye nakala itahitaji kiasi hichohicho.

Memori ni meza ya karani, diski ni kabati. Si lazima kabati lote lipakuliwe mezani, ila kadi zinazoulizwa kila saa zikiwa mezani, jibu huja upesi. Kosa la kawaida ni kuipa programu memori yote. Ipe isiyozidi nusu. Inayobaki mfumo endeshi huitumia kushikilia sehemu za faharasa zinazosomwa mara kwa mara. Kwa faharasa yetu, gigabaiti 4 zinatosha: moja au mbili za programu, nyingine za mfumo na faharasa yenyewe.

Na idadi ikiongezeka? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 320,056 Ngara na 323,486 katika wilaya jirani ya Biharamulo. Wote wakiandikwa kwa kadi kama zile, faharasa haifiki gigabaiti 2. Hata kompyuta ya kawaida ya mezani inaimudu.

Basi fedha iliyookolewa isiishie kwenye chuma. Ilipe karani wa pili, anayejua lugha ya anayeandikishwa, amsomee mtoto jina lake kabla kadi haijafungwa. Faharasa husamehe herufi mbili tatu. Jina lililosikika vibaya tangu mwanzo halina kipande hata kimoja cha kulishika.