Kijana Atafutaye Shahada ya Udaktari

Mzee mmoja alitujia kutaka shauri. Mwanawe amekubaliwa Marekani kusomea udaktari, si wa tiba bali ule wa falsafa, naye mzee yu tayari kuuza shamba la minazi ili amlipie karo. Tulimwuliza, "Barua yasema nini juu ya posho?" Haikusema neno.

Basi wazazi na wajue jambo hili. Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani mwanafunzi wa daraja hiyo husamehewa karo akapewa na posho, naye hufundisha wanafunzi wa chini yake au humsaidia mwalimu katika utafiti. Masomo huchukua miaka mitano au sita, pengine zaidi. Shamba lingekwisha mapema. Barua isiyo na posho twaihesabu nusu ya jibu. Na aliyepewa asiharakishwe: vyuo vingi vimeafikiana kumngojea hata tarehe 15 Aprili.

Tena awaandikie wanafunzi wa mwalimu atakayemwongoza, awaulize kwa siri: huyasoma upesi maandiko yenu? Wangapi wamemaliza? Mtu aweza kuwa bingwa wa vitabu na asiwe mlezi.

Mwenye mke naye azingatie kwamba mke amfuataye mumewe kwa viza ya F-2 haruhusiwi kuajiriwa. Posho ya mmoja ndiyo italisha nyumba, kulipa kodi na bima ya matibabu.

Mzee alirudi na shamba lake. Kijana ataomba tena Desemba, vyuo vingi vifungapo maombi.