Maji Yaliyofichika Ndani ya Sakafu ya Mbao

Mwenye nyumba anayetaka sakafu ya mbao huanza kwa kuuliza mti: niweke mninga, mtiki au mvule? Muuzaji naye humjibu kwa rangi na bei. Ni swali halali, na nitalifikia, lakini halistahili kuwa la kwanza. Sakafu nyingi zinazofumuka au kuachana haziharibiki kwa sababu mti ulichaguliwa vibaya. Zinaharibiwa na maji ambayo hakuna aliyeyapima: yaliyokuwamo ndani ya mbao siku zilipopigiliwa, yaliyokuwamo ndani ya jamvi la zege chini yake, na yaliyomo katika hewa ya chumba mwaka mzima.

Mti uliosimama hubeba maji ya namna mbili. Kuna maji huru, yanayojaa katika matundu ya seli zake, na kuna maji yaliyoshikwa na kuta zenyewe za seli, kwa kuwa selulosi inayojenga kuta hizo huvuta molekuli za maji na kuzing'ang'ania. Gogo likichanwa, maji huru ndiyo yanayotangulia kutoka, na yanapotoka ubao hupungua uzito tu; umbo lake halibadiliki. Yakiisha, ubao unabaki na unyevu wa karibu asilimia 28 hadi 30 ya uzito wake mkavu. Kuanzia hapo, maji yanayotoka yanatoka ndani ya kuta za seli, na kuta hizo husinyaa. Ndiyo maana ubao mbichi unaweza kukaa wiki kadhaa uwanjani ukionekana haujabadilika, kisha ghafla ukaanza kupinda na kupasuka.

Kusinyaa huko hakuendelei mpaka ubao uishe maji kabisa. Ubao hutafuta mapatano na hewa inayouzunguka. Katika chumba chenye joto la nyuzi 28 na unyevunyevu wa hewa wa asilimia 80, hali iliyo ya kawaida mwambao wakati wa masika, mbao hutulia zikiwa na maji ya asilimia 15 au 16. Hewa ikiwa na unyevunyevu wa asilimia 50, zitatulia kwenye asilimia 9. Ikishuka hadi asilimia 40, kama inavyotokea bara wakati wa kiangazi, zitakaribia asilimia 7. Vanishi haibadilishi mapatano hayo. Inayachelewesha tu, kwa sababu mvuke hupenya polepole hata kwenye utando mzito wa vanishi.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa ya shilingi. Ubao hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu wake, kufuata nyuzi, hubadilika kidogo mno, kiasi cha asilimia 0.1 au 0.2 kutoka ubichi hadi ukavu kamili. Kwa upana, yote yanategemea namna gogo lilivyochanwa. Mtiki, ambao vitabu vya misitu huuita msaji, husinyaa karibu asilimia 2.5 ukipimwa kutoka kiini kuelekea gome, na karibu asilimia 5.8 ukipimwa kwa kufuata mzunguko wa pete zake. Sababu mojawapo ya tofauti hiyo ni miale, yaani safu za seli zinazotoka katikati ya mti kuelekea nje. Miale hiyo huzuia mti kusinyaa kwa upande wake, lakini haina la kufanya upande wa pete.

Sasa chukua chumba cha upana wa mita 4 jijini Dar es Salaam. Mbao za mtiki zimekaushwa vizuri katika tanuri hadi asilimia 9, zikaletwa moja kwa moja na kupangwa katika nyumba isiyo na kiyoyozi, madirisha wazi. Masika yanaingia na mbao zinapanda hadi asilimia 15. Ikiwa zilichanwa kwa njia ya kawaida, pete zikilala sambamba na uso wa ubao, kila ubao wa sentimita 10 utaongezeka upana kwa milimita 1 na ushei. Ni kidogo, hata jicho halioni. Lakini mbao 40 zilizobanana kutoka ukuta hadi ukuta zinadai nafasi ya karibu milimita 46. Fundi mwangalifu huacha nafasi ya milimita 12 kila upande na kuifunika kwa skatingi, jumla milimita 24. Milimita 22 zilizobaki hazina pa kwenda ila juu. Sakafu inajikunja, gundi inaachia, misumari inang'oka. Watu husema mbao zilikuwa mbovu, kumbe zilikuwa nzuri na kavu, kavu kupita nyumba zilimopelekwa.

Mbao hizohizo zikichanwa ili pete zisimame wima kwenye ubao, ongezeko la chumba kizima linakuwa kama milimita 20, na nafasi ya pembeni inatosha. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mnunuzi aangalie kichwa cha ubao kabla ya uso wake. Uso unaonyesha urembo, nao urembo wa mawimbi mara nyingi hutoka katika mbao zilizochanwa kwa njia ya kawaida. Kichwani utaziona pete: zikilala kama upinde, ubao huo utasumbuka zaidi, zikisimama wima, utatulia. Kuchana kwa pete wima hupoteza mti zaidi kiwandani na bei hupanda. Kwa chumba kikubwa cha mwambao, naona tofauti hiyo inafaa kulipwa.

Kinyume chake nacho hutokea sana. Mbao zilizoanikwa Tanga au Mombasa haziwezi kukauka kuliko hewa ya huko inavyoruhusu, hata zikae kivulini mwaka mzima. Zikipelekwa Dodoma au Nairobi na kupangwa wiki hiyohiyo, zitasinyaa na kuacha nyufa za kuingiza sarafu. Hatari hiyohiyo ipo ndani ya jiji moja. Nyumba yenye viyoyozi vinavyofanya kazi mchana na usiku ina hewa kavu kuliko ya jirani anayelala madirisha wazi. Anayepanga sakafu kwanza na kufunga viyoyozi baadaye amebadilisha hali ya hewa ya nyumba yake mbao zikiwa zimeshafungwa. Mpangilio unaofaa ni kumaliza lipu na rangi, kuweka madirisha, kuwasha viyoyozi kama vitatumika, ndipo mbao ziingizwe chumbani. Huko zipangwe kwa vijiti katikati ili hewa ipite, zikae wiki mbili au tatu, na zipimwe mpaka kipimo kitulie.

Kupima si kazi ya maabara pekee. Kipimo cha umeme chenye pini mbili hupitisha mkondo kwenye ubao na kusoma jinsi unavyozuiwa. Maji yakiwa mengi, umeme hupita kirahisi. Asiye nacho atumie njia ambayo wanasayansi wa mbao bado huichukulia kuwa kipimo mama. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si kichwani, kwa sababu kichwani hukauka haraka na kitakudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kiweke katika oveni ya nyuzi 103 na ukipime tena na tena mpaka uzito usipungue. Toa uzito mkavu kutoka uzito wa mwanzo, kisha gawanya kwa uzito mkavu. Kipande kilichoanza na gramu 56 kikaishia gramu 50 kilikuwa na unyevu wa asilimia 12. Vipande vitatu kutoka mbao tatu tofauti vitakwambia ukweli kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Chini ya mbao kuna zege, na zege ni chanzo cha maji kinachosahaulika. Maji yaliyochanganywa na saruji hayaishii yote katika kuigandisha. Mengine hubaki na kutoka polepole kwa miezi. Kadirio wanalotumia wajenzi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hewa ikiwa nzuri, hivyo jamvi la milimita 100 linahitaji miezi minne. Hayo ni maji ya mwanzo tu. Maji ya ardhini nayo hupanda kupitia vitundu vidogo vya zege kila mwaka, isipokuwa kama chini ya jamvi ilitandikwa nailoni ya geji 1000. Nyumba nyingi hazina. Pima hivi: tandika kipande cha nailoni inayopenyesha mwanga, sentimita 45 kwa 45, juu ya sakafu tupu, uzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, na ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa chini, au zege limekuwa jeusi, usipange mbao. Ubao unaolowa chini na kukauka juu hunyanyua kingo zake zote mbili, na sakafu nzima inakuwa ya mifereji midogo. Kuupiga msasa wakati huo ni kosa, maana ukija kukauka utageuka na kuwa na kifua katikati.

Baada ya hapo ndipo uulize mti.

Ugumu hupimwa kwa njia iliyobuniwa mwaka 1906 na Gabriel Janka wa Austria: gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 hukandamizwa kwenye ubao mpaka nusu yake izame, na nguvu iliyotumika huandikwa. Mtiki hudai karibu nyutoni 4,700. Mwaloni mweupe wa Marekani, unaopendwa kwa sakafu za huko, hudai 6,000. Mpingo hupita 16,000, lakini hakuna mwenye akili timamu atakayetandaza mpingo chini. Paini ya shamba la miti la Sao Hill ni laini, na miguu ya viti itaichora mapema. Hata hivyo, ugumu hutukuzwa kupita kiasi. Kinachokwangua sakafu zaidi ni mchanga, ambao ni mgumu kuliko vanishi yoyote, na nyumba za mwambao ambako watu huvua viatu mlangoni zimeshatatua nusu ya tatizo hilo.

Utulivu una thamani kuliko ugumu. Mninga ni miongoni mwa miti inayosinyaa kidogo sana duniani, ndiyo sababu mafundi seremala wa Keko jijini Dar es Salaam na wengineo wameuheshimu miaka yote. Mkaratusi ni mgumu na wa bei nafuu, lakini husinyaa sana na hupenda kupinda, kwa hiyo ukikaushwa kwa pupa hautakusamehe. Muhugu wa misitu mikavu ya Kenya na Tanzania ulipata sifa hadi Ulaya kwa sakafu zinazokanyagwa na watu wengi; mti wake ni mdogo na mara nyingi umejipinda, kwa hiyo hutoa vipande vifupi, na vipande vifupi ndivyo vinavyofaa kupangwa kwa mtindo wa mfupa wa samaki. Lakini wachongaji nao waliutafuta kwa vinyago, na muhugu mkubwa sasa ni adimu.

Hilo linanifikisha kwenye ushauri wangu. Mninga hukua polepole katika misitu ya miombo, na mwishoni mwa mwaka 2022 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, zikikutana Panama, ziliiweka jamii nzima ya mninga wa Afrika, pamoja na ile ya mkongo, katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Mtiki hupandwa. Upo Longuza wilayani Muheza, upo Mtibwa mkoani Morogoro, upo katika bonde la Kilombero, na aukataye anaweza kuupanda tena. Kwa sakafu ya nyumba ya kawaida, nachagua mtiki wa shambani. Anayetaka mninga au mkongo atafute wa misitu ya vijiji inayovunwa kwa mpango, kama ile ya Kilwa iliyoanza kupata cheti cha kimataifa cha FSC, cha misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009, na adai kuona hati ya kusafirishia na risiti.

Ukinunua mtiki, kataa mbao zenye sehemu nyeupe nyingi. Sumu ya asili inayoufukuza mchwa imo katika kiini chenye rangi ya kahawia. Sehemu nyeupe ya nje haina ulinzi huo, na ina wanga unaowavuta bungua. Miti michanga iliyokatwa wakati wa kupunguza msongamano shambani huwa na weupe mwingi, nayo huuzwa kwa jina lilelile la mtiki.

Kwa asiyeweza kudhibiti hewa ya nyumba yake, kuna mbao za tabaka, zilizogundishwa nyuzi za tabaka moja zikikatiza za nyingine. Kwa kuwa ubao karibu haubadiliki kwa urefu, kila tabaka humshika mwenzake asivimbe. Ni sayansi ileile, imetumiwa kwa busara, na si aibu kuichagua. Tofautisha tu na zile za ungaunga uliogandamizwa na kubandikwa picha ya mbao juu: ndoo moja ya maji ikimwagika na kutuama, kingo zake huvimba na hazirudi.

Kazi ya kupanga yenyewe, fundi mzuri anaijua: jamvi linyooshwe, gundi ipakwe kwa mwiko wenye meno, viungo vipishane, msasa uanze na namba 40 au 60 na kuishia 120, vumbi litolewe kabla ya kila mkono wa vanishi. Ambacho fundi mara nyingi hana ni muda, kwa sababu mwenye nyumba anamharakisha ahamie kabla ya sikukuu. Mpe muda huo. Na kabla hujatoa malipo ya awali ya mbao, mwambie muuzaji azipime unyevu mbele ya macho yako, ubao mmoja juu ya rundo, mmoja katikati na mmoja chini. Akikataa, nunua kwingine.