Nyumba mpya nyanda za juu: Ziba paa kwanza, hita baadaye

KILA mwaka kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Limuru, Kinangop, Molo na Timboroa hukabiliwa na baridi kali. Maeneo haya yako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi.

Hata hivyo, wakulima wengi wanaojenga nyumba mpya huko hutumia ramani zile zile za maeneo yenye joto. Kuta za mawe hupanda, mabati huezekwa, vigae vikawekwa sakafuni, na suala la joto hukumbukwa siku ya kwanza ya baridi baada ya familia kuhamia. Hapo ndipo jiko la makaa huingizwa sebuleni, au hita ya bei nafuu hununuliwa dukani na tokeni za stima zikaanza kuisha mapema.

Makosa huanzia kwa mpangilio wa kazi. Mwenye nyumba hununua chombo cha kupasha joto kabla ya kujua nyumba yake inapoteza joto kiasi gani.

Hesabu ya paa

Chukua mfano wa sebule yenye ukubwa wa mita 25 za mraba. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa nyumba katika majira ya baridi isiwe chini ya nyuzi 18. Iwapo nje ni nyuzi 10, chombo kinahitajika kuongeza nyuzi 8.

Sebule hiyo ikiwa na mabati matupu bila dari, paa pekee hupoteza takriban wati 1,400. Hita ya wati 1,000 haiwezi kuziba pengo hilo hata ikiwaka usiku kucha. Lakini dari ikiwekwa, kisha juu yake ikalazwa pamba ya mawe au ya vioo yenye unene wa sentimita 10, joto linalopotea juu hushuka hadi chini ya wati 100.

Ukijumlisha kuta, madirisha na hewa inayopenya, sebule yenye dari ya aina hiyo huhitaji karibu wati 1,000. Isiyo na dari huhitaji zaidi ya wati 2,000.

Wajerumani, ambao baridi yao ni kali kuliko ya Molo, wamefuata njia hii hadi mwisho. Mwaka 1991 katika mji wa Darmstadt kulijengwa nyumba zilizozibwa vizuri kiasi cha kuhitaji joto kidogo mno. Kipimo kilichotokana na kazi hiyo ni wati 10 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa kipimo hicho, nyumba nzima ya mita 100 za mraba hupashwa joto kwa wati 1,000, ambazo ni sawa na pasi moja ya nguo.

Jiko la makaa halifai

Nyumba ikishazibwa, kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Jiko la makaa lisiingizwe ndani. Makaa yanapoungua hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu takriban mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala huweza kufa bila kuamka. Kadiri nyumba inavyozibwa vizuri ndivyo hatari hii inavyozidi.

Hita ya gesi isiyo na bomba la kutoa moshi nje nayo hutumia hewa ya chumbani na kuacha unyevu ukutani. Anayeitumia ni lazima aache matundu ya hewa wazi, na hivyo kupoteza sehemu ya joto alilonunua. Isiachwe ikiwaka watu wakiwa wamelala.

Chaguo zilizopo

Meko ya wazi yenye dohani hupendeza macho, lakini sehemu kubwa ya joto lake hupanda na moshi. Mkulima mwenye mikaratusi au miwati yake mwenyewe atafaidika zaidi na jiko la chuma la kufungwa, lenye mlango na bomba la moshi linalopita juu ya paa. Jiko la aina hii hunasa zaidi ya nusu ya joto la kuni, mradi kuni ziwe zimekaushwa kwa miezi kadhaa. Fundi aweke pia bomba dogo la kuliletea hewa kutoka nje.

Hita ya stima ni rahisi kununua na haitoi moshi. Kila uniti ya stima hutoa uniti moja ya joto. Kwa sebule iliyozibwa, wati 1,000 kwa saa tano kila jioni ni uniti 5, yaani 150 kwa mwezi. Sebule ile ile bila dari ingekula zaidi ya uniti 300.

Pampu ya joto ni mashine inayofanana na kiyoyozi, ila hunyonya joto kutoka hewa ya nje na kulileta ndani. Kwa uniti moja ya stima huweza kutoa uniti tatu za joto. Sebule iliyotumia uniti 150 itatumia takriban 50. Nyanda za juu zinaifaa kwa sababu baridi yake ni nadra kufikia kiwango cha kuganda. Ubaya wake ni bei ya kununua, na inahitaji fundi aliyeisomea. Anayepasha joto miezi mitatu pekee kwa mwaka apige hesabu kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yake ya tokeni, aone itachukua miaka mingapi kurudisha pesa zake.

Maji ya kuoga nayo yana bajeti yake. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 15 hadi 40 huhitaji karibu uniti 3. Kazi hii hufaa mitambo ya miale ya jua iliyo juu ya paa, ingawa siku za mawingu ya Julai itahitaji kusaidiwa na stima.

Kabla ya kuezeka

Ni rahisi kupanga mambo haya mapema. Mwenye nyumba akubaliane na fundi kuhusu dari na pamba yake kabla mabati hayajapigwa misumari. Waya wa stima wa kubeba hita utengwe ukutani kabla ya plasta, na tundu la bomba la moshi liachwe wakati wa kuezeka. Milango na fremu za madirisha zizibwe nyufa, lakini kila chumba kibaki na njia ya kuingiza hewa safi.

Pesa zikiwa chache, zianze kwa dari na pamba. Hita ndogo inaweza kununuliwa msimu unaofuata, na itatosha.