Kompyuta Pepe na Mtandao Unaosuasua

Walimu na wanafunzi wengi wa Kiswahili hapa Mbarara sasa wana kompyuta mbili ndani ya moja. Jambo hili lilianza kwa sababu ya shida. Tunazo CD za mazoezi ya kusikiliza na msamiati zilizotengenezwa katika miaka ya 1990, na programu zake ni za biti 16, ambazo Windows ya biti 64 haiwezi kuziendesha kabisa. Dawa yake ni kuweka programu inayounda kompyuta pepe, kisha ndani yake kuweka Windows ya biti 32, na mazoezi yale hufunguka kama zamani. Wengine wameweka Linux ndani ya Windows ili waonje programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, kazi ambayo mwaka 2004 ilituletea Jambo OpenOffice kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Malalamiko yanayofuata huwa ni yale yale: "Mwalimu, tangu niweke ile programu mtandao umekuwa mzito." Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jambo hilo hutokea na namna ya kutafuta chanzo chake, bila kudhani kwamba msomaji ni fundi.

Kwanza niseme kwa nini tunalijali. Mtaala mpya wa sekondari za chini nchini Uganda, ulioanza mwaka 2020, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika S1 na S2, na walimu hawatoshi. Ndiyo maana mafunzo mengi ya walimu wanagenzi hupitia rekodi za sauti zinazotumwa na kurudishwa kwa intaneti. Aidha, data si bure. Mwezi Julai 2021 uliwekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti, mbali na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mwanafunzi wetu anayekaa Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, hununua bando dogo, akaligawa kutoka simu yake hadi kompyuta yake, na bando likiisha kabla rekodi hazijafika, somo limeishia hapo.

Sasa tuje kwenye istilahi, maana bila hizo tutapotezana. Kompyuta unayoishika kwa mikono huitwa mwenyeji, na ile iliyo ndani yake huitwa mgeni. Neno pepe tumelizoea katika barua pepe, nalo linafaa: kitu kinachofanya kazi yake bila kuwa na umbo la kushikika. Nilipoyaandika maneno haya ubaoni kwa kundi la Nakivale, mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Bukavu aliuliza kwa nini kila mara lawama humwangukia mgeni. Darasa zima lilicheka, lakini swali lilikuwa zito katika makazi yaliyoanza kupokea wakimbizi mwaka 1958, ambako maneno hayo mawili hutumika kila siku kwa maana nyingine. Nilimjibu kwamba tutapima kwanza, ndipo tulaumu. (Yeye, kama wenzake wengi kutoka Kongo, hasemi mtandao wala netiweki, husema rezo, kutoka Kifaransa. Sote tulielewana.)

Programu ya kompyuta pepe inapowekwa, haiongezi dirisha moja tu kwenye skrini. Huongeza kadi za mtandao za kubuni, na aghalabu hupachika kipande chake cha programu juu ya kadi halisi. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, ukaandika ncpa.cpl, utaziona. VMware huziita VMnet1 na VMnet8. VirtualBox huweka moja ambayo kwa kawaida hupewa anwani 192.168.56.1. Usishtuke kuziona wala usizifute kwa hasira.

Mgeni anaweza kutoka nje kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya ukalimani, ambayo mafundi huiita NAT. Mwenyeji hupokea maombi ya mgeni, huyatolea nje kwa anwani yake mwenyewe, kisha humrudishia majibu, na ruta haijui kwamba kuna mtu wa pili ndani ya nyumba. Katika VirtualBox mgeni wa namna hii kwa kawaida huona anwani 10.0.2.15. Ya pili ni daraja. Hapa mgeni hutoka mwenyewe mlangoni, akaomba anwani yake kutoka kwa ruta kana kwamba ni kompyuta kamili. Kwa kebo daraja huenda vizuri. Kwa Wi-Fi ni jambo jingine: kifaa kinachorusha mawimbi hutarajia kadi moja yenye utambulisho mmoja, na kinapoona wawili wakizungumza kwa redio moja programu hulazimika kuchezacheza na anwani. Mara hufaulu, mara husuasua, mara mgeni hukosa anwani kabisa. Kwa intaneti ya simu mimi sipendekezi daraja hata kidogo.

Basi upimaji uanze hivi. Zima mgeni kabisa, si kulifunga dirisha tu. Fungua dirisha la amri, andika ipconfig, uone anwani ya ruta au simu yako, kisha andika ping na anwani hiyo. Rudia kwa anwani ya mbali, kwa mfano 8.8.8.8. Andika majibu kwenye karatasi. Halafu mwashe mgeni, usubiri dakika chache, upime tena vivyo hivyo. Vipimo hivi viwili vitakuonyesha pa kutafuta.

Ikiwa mwenyeji ni mzima mgeni akiwa amezimwa, lakini huzorota mgeni anapowashwa, basi kuna mtu anakula. Hili ndilo lililonipata mimi mwenyewe, na lilinichukua wiki mbili kulijua. Nilikuwa nimekwisha kuieleza Windows yangu kwamba mtandao wa simu ni wa kulipia kwa kipimo, ili isipakue masasisho ovyo. Hata hivyo bando la mwezi lilikwisha siku ya nne. Sababu ni kwamba mgeni haoni Wi-Fi wala simu. Yeye huonyeshwa kadi ya kebo ya kubuni, na Windows inapoona kebo hudhani kwamba data haina mwisho. Mwenyeji alikuwa amefunga mkanda, huku mgeni ndani akipakua masasisho ya miezi mingi. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wangu sikumpa jembe wala sikumwangalia. Suluhisho ni kuingia ndani ya mgeni na kumpa amri ile ile ya mtandao wa kulipia, au, kama kazi yake ni mazoezi ya CD tu, kuchomoa kebo yake ya kubuni katika mipangilio. Kwa wale walioweka Windows XP, kuchomoa huko ni lazima, kwani msaada wa usalama wa XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014.

Katika hali hiyo hiyo angalia pia kumbukumbu. Kompyuta yenye gigabaiti 4, ukimpa mgeni gigabaiti 2, mwenyeji huanza kuhamishia kazi kwenye diski, na kurasa hufunguka polepole. Mtu hulaumu mtandao ilhali ping inajibu upesi. Punguza unachompa mgeni, upime tena.

Ikiwa mwenyeji ni mzito hata mgeni akiwa amezimwa, usihangaike na mgeni. Angalia kile kipande kilichopachikwa juu ya kadi halisi. Yule mwanafunzi wa Bukavu aliniletea kompyuta yake ikiwa hivyo: mgeni hajawashwa kwa mwezi mzima, lakini kutuma rekodi moja ya dakika tano kulichukua muda wa kupika maharage. Tulifungua orodha ya kadi, tukabofya kadi ya Wi-Fi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, tukaingia kwenye sifa zake. Katika orodha iliyomo kulikuwa na mstari wa draiva ya daraja. Kwa VirtualBox mstari huo huwa na maneno Bridged Networking Driver, na kwa VMware huandikwa VMware Bridge Protocol. Tuliondoa alama ya tiki kwenye mstari huo mmoja, tukakubali, tukapima. Rekodi zake zote zilifika Mbarara jioni ile ile. Swali lake lilikuwa limepata jibu: mgeni hakuwa na hatia.

Kwa wanaotumia Hyper-V ya Windows kuna tofauti ndogo. Ukiunda swichi ya nje, hata mawasiliano ya mwenyeji mwenyewe hupitia swichi hiyo, kwenye kadi inayoitwa vEthernet. Kadi za siku hizi hukabidhiwa kazi ya kukata data kubwa vipande vidogo kabla ya kuituma, na swichi ikiwa katikati makabidhiano hayo huweza kwenda kombo. Dalili yake ni kupokea vizuri na kutuma kwa shida. Ingia katika mipangilio ya juu ya kadi hiyo, uzime Large Send Offload, kwa IPv4 na IPv6.

Ikiwa mwenyeji hana tatizo na ni mgeni peke yake anayesuasua, mbadilishe kutoka daraja hadi NAT. Mara nyingi hilo hutosha. Lisipotosha, badilisha aina ya kadi anayoonyeshwa, kwa mfano ile ya Intel badala ya PCnet ya zamani, na hakikisha kuwa programu za nyongeza za mgeni zimewekwa.

Jambo la mwisho ni kuhusu tiki iliyoondolewa. Ukiiondoa, NAT huendelea kufanya kazi kama kawaida. Kitakachokataa ni daraja tu. Siku utakapolihitaji, kwa mfano ukiwa maabara yenye kebo, irudishe mahali pake na uanze mgeni upya.