Acheni Kuhesabu Beringi

Rili ikiwekwa mezani pangu hapa Olympic, Kibera, swali hufika kabla sijaishika: "Fundi, hii ina beringi ngapi?" Anayeuliza si mgeni wa uvuvi. Kwao ni ziwani, Mbita, Usenge au Rusinga, ameweka akiba kwa muda mrefu, na anataka rili ya mviringo iliyo bora ya kurushia chambo bandia kizito ili amtafute mbuta mkubwa. Kuna mambo mengi ya maana ambayo angeuliza. Anauliza hilo kwa sababu ndilo lililochapishwa kwa tarakimu nene kwenye boksi: 10+1, 12+1, 14+1. Wauzaji nao wameshalijua, na bei wanaipandisha kwa idadi hiyo hiyo.

Nimelijibu swali hili hadi nimechoka. Idadi ya beringi haikuambii kama rili itamtoa mbuta wa kilo 40 majini. Haikuambii kama gia zitadumu, wala kama dragi itaachia mshipi bila kushtuka. Inakuambia tu mtengenezaji ameweka vijipete vingapi vya chuma ndani, na wala hakuambii ameviweka wapi.

Basi tuifungue tuone viko wapi. Beringi mbili hubeba spuli, moja kila upande. Hizo ndizo zinazozunguka unaporusha. Rili iliyotengenezwa vizuri huwa na nyingine zinazoshikilia ile gia ndogo inayoisukuma spuli, na moja au mbili kwenye shafti ya gia kuu. Hapo umefika tano au sita, na kazi yote nzito imeshapata wa kuibeba. Zilizobaki ni za nini? Nenda kwenye hendeli: vishikio viwili, beringi mbili kwa kila kimoja, jumla nne. Nenda kwenye ile skrubu ndefu inayopeleka kipangio cha mshipi kushoto na kulia: mbili zaidi. Hizi zote hufanya hendeli izunguke laini kidoleni mwako dukani, rili ikiwa haina mshipi, haina chambo, haina samaki. Na ile "+1" si beringi ya gololi hata kidogo. Ni klachi ya vijiti inayozuia hendeli isirudi nyuma. Ni kifaa muhimu mno, nitakirudia, ila kimeandikwa pale kana kwamba ni nyongeza ya bure.

Kuna wanaokuja wakijua zaidi kidogo, nao huuliza kuhusu ABEC. "Hizi ni ABEC 7, fundi." Kipimo hicho kiliwekwa na wahandisi wa beringi wa Marekani, na kinapima usahihi wa vipimo: kipenyo kimekosea kwa kiasi gani, pete inayumba kwa kiasi gani. Hakisemi chuma ni cha aina gani, wala kama kitapata kutu, wala kama beringi itastahimili mchanga wa ufukweni au maji ya magadi ya Ziwa Turkana. Beringi ya ABEC 7 iliyoingia vumbi la Kalokol ni mbaya kuliko ya ABEC 1 iliyo safi, na sitaki ubishi juu ya hilo kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuivua beringi yake akaiosha.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni uzito wa chambo. Beringi nyepesi sana, za kauri na za bei ya juu, zina faida ya kweli unaporusha chambo cha gramu 5. Chambo kidogo hakina nguvu ya kuiamsha spuli, kwa hiyo kila kizuizi kinahesabika. Lakini wewe unarusha chambo cha gramu 100, 150, wengine hata 200. Uzito huo utaizungusha spuli yoyote isiyokwama. Shida yako ni kinyume: chambo kikianza kupungua mwendo angani, spuli bado inakimbia, mshipi unatoka haraka kuliko unavyochukuliwa, na unajikuta na kiota cha mshipi mkononi huku chambo cha bei kali kimekatika na kuruka peke yake. Kwa hiyo unafanya nini? Unaikaza breki ya kurushia ili spuli isikimbie. Umelipa pesa nyingi ili spuli iwe nyepesi, kisha unaizuia kwa breki. Nimeeleza hili kwa upole mara nyingi, na bado mtu huondoka akiuliza nitampatia wapi beringi za kauri.

Historia yenyewe inatosha kuumaliza mjadala. Kampuni ya ABU ilianzishwa 1921 huko Svängsta, Uswidi, na ilikuwa ikitengeneza saa na mita za teksi kabla ya kuingia kwenye rili. Mwaka 1952 ilitoa Ambassadeur 5000, rili ya mviringo ambayo karibu kila rili ya aina hii leo ni mjukuu wake. Spuli ya ile 5000 ilizungukia kwenye bushi, vipande vya shaba vilivyotobolewa, bila gololi. Beringi ziliingia katika matoleo ya baadaye. Watu walivua samaki wakubwa kwa bushi hizo, na baadhi ya rili hizo zinazunguka hadi leo kwa sababu bushi haina gololi ya kupata kutu. Tena Ambassadeur 6500 C3, farasi wa kazi kwa miaka mingi, ile C3 kwenye jina lake ni beringi tatu. Tatu! Ipeleke dukani leo mvulana wa kaunta ataidharau.

Madhara ya imani hii hayaishii kwenye bei. Mtu akiamini beringi ndiyo roho ya rili, huanza kuitibu. Anaichovya rili nzima kwenye petroli. Anaipulizia WD-40 na kuiita huduma, ilhali kazi ya dawa hiyo ni kufukuza maji. Ikikauka huacha utando mwembamba tu ambao si oili ya kudumu. Wengine wametia mafuta ya kupikia, ambayo huganda na kunata hadi spuli inazunguka kama imepakwa asali. Lakini dawa mbaya kuliko zote ni grisi. Mtu anajaza grisi kila mahali penye kuzunguka, hata kwenye ile klachi ya vijiti. Vijiti hivyo vinahitaji kushika chuma chenye oili kidogo mno. Ukivizamisha kwenye grisi, vinateleza. Hutajua ukiwa nyumbani. Utajua siku mbuta atakapovuta kwa nguvu na hendeli itakaporudi nyuma ghafla na kukugonga vidole. Rili ikiletwa kwangu ikiwa inateleza hendeli, jambo la kwanza ninaloangalia ni grisi, na huwa naikuta.

Sasa yaliyo na maana. Mbuta tunayemla Kibera tunamjua zaidi kwa mgongo wazi, ile mifupa inayobaki kiwandani minofu ikishaondolewa, na kwa kuitazama tu sufuriani unajua tunazungumzia mnyama wa aina gani. Rekodi ya dunia kwa uvuvi wa fimbo ni kilo 104, Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Anayemkabili samaki huyo ni gia kuu, fremu na dragi.

Gia kuu iwe pana na iwe ya shaba nyeupe ngumu au chuma cha pua. Meno makubwa hugawana mzigo. Fremu ya rili bora ya mviringo hukatwa kutoka kipande kimoja cha aluminiamu. Ile ya bei nafuu imeunganishwa kwa nguzo na skrubu, na samaki akivuta hupinda kidogo tu, lakini kidogo hicho huzisogeza gia zisikutane sawasawa, ndipo unaposikia inasaga. Ndiyo sababu umbo la mviringo linafaa kwa chambo kikubwa: lina nafasi ya gia pana na mshipi mwingi. Halihusiani na urembo.

Uwiano wa gia usiwe mkubwa. Chambo kikubwa chenye mdomo wa kuzamia huvuta maji mengi, na uwiano wa 7 kwa 1 utakuchosha bega kabla ya saa nne asubuhi. Chukua ulio karibu na 5. Piga hesabu: spuli iliyojaa mshipi hadi kipenyo cha milimita 40, kwa uwiano wa 5.3, hurudisha kama sentimita 67 kwa mzunguko mmoja wa hendeli. Samaki akitoa mshipi hadi kipenyo kikabaki milimita 30, unarudisha sentimita 50 tu. Wakati huo huo dragi imekaza bila wewe kuigusa. Ukiipima kilo 6 spuli ikiwa imejaa, kwenye kipenyo cha milimita 30 inahitaji kilo 8 ili iachie, kwa sababu mshipi sasa unavuta karibu zaidi na shafti. Hapo ndipo mishipi mingi hukatika, na mwenyewe analilaumu fundo. Samaki akienda mbali, legeza dragi.

Namna ya kuijaribu dragi dukani: funga mshipi kwenye ndoana ya mizani ya kuning'iniza, ile ya mama samaki, uvute polepole. Tazama namba inapoanza kuachia na namba inapokuwa inaendelea kuachia. Zikipishana sana, dragi inashtuka, iache. Washa za dragi za kaboni hazishtuki sana, na zinabadilishwa kwa urahisi.

Haraka haraka kwa wanaonunua. Pesa nyingi: Shimano Calcutta Conquest saizi ya 400, ambayo hupita dola 400 ikiwa mpya. Ina beringi nyingi, ndiyo, lakini ubora wake uko kwenye fremu na gia. Pesa ya kati: Calcutta ya kawaida saizi ya 400, au Daiwa Millionaire ya zamani iliyotunzwa. Pesa kidogo: Ambassadeur 6500 ya mtumba, au 7000 kama utarusha kizito zaidi, vipuri vyake si vigumu kupatikana na fundi yeyote anaijua. Usinunue rili mpya ya mviringo isiyo na jina kwa sababu imeandikwa 14+1. Ukitaka kukokota chambo nyuma ya mashua siku nzima, nunua rili ya kukokotea, usiitese hii. Hendeli iwe ndefu, yenye vishikio vinene. Mkono wa kushoto na wa kulia haubadilishwi kwenye rili hizi, kwa hiyo soma namba: 6501 na 401 ni za kushoto. Mshipi wa kusukwa wa ratili 65 hadi 80, na mbele yake kipande cha nailoni nene cha ratili 80 hadi 100, kwani mdomo wa mbuta ni msasa. Usifikirie kuijaribu karibu na nyumbani: Nairobi Dam, lililojengwa 1953 hapa chini yetu, limejaa matope na gugumaji, kwa hiyo safari ni ya ziwani. Pitia kwanza Huduma ya Uvuvi ya Kenya uchukue leseni.

Ukirudi, futa rili kwa kitambaa chenye maji baridi, tone moja la oili kwenye kila beringi ya spuli, grisi kwenye gia peke yake. Kisha legeza dragi kabisa kabla ya kuiweka rafuni, maana washa zikikaa zimebanwa miezi miwili hubaki bapa, na safari inayofuata dragi itaanza kushtuka.