Mkeka Ndani ya Kifua

Hapa Kisumu mtu akikohoa mwezi mzima na kukonda, majirani hawamwulizi ana nini, wamekwisha kujua. Ni kifua kikuu. Na mara nyingi huwa wamesema kweli, kwani mwambao huu wa Ziwa Victoria umeteswa sana na maradhi hayo.

Ndivyo alivyodhaniwa ami yangu, mzee wa mtaa wa Kaloleni ambaye wazazi wake walitoka Mombasa. Makohozi yake yalipimwa mara mbili, vijidudu havikuonekana. Juu ya hivyo, zahanati moja ilimwanzishia dawa za miezi sita. Akazimaliza zote. Pumzi ikazidi kumpungukia, hata ngazi za msikiti akawa hazipandi bila ya kupumzika.

Alipopigwa picha ya CT ilionekana kwamba utando unaofunika pafu la kulia umevimba na kuwa mgumu. Daktari wa kifua hakutuficha.

"Mzee, hiki chaweza kuwa kifua kikuu, yaweza kuwa saratani, na yaweza kuwa maradhi adimu ambayo mwili hujishambulia wenyewe ukaacha makovu. Dawa ya haya ya mwisho hulegeza kinga ya mwili. Nikikupa nawe una kifua kikuu, nitakuwa nimekitia nguvu. Lazima tupate kipande cha nyama."

Ami aliposikia nyama, alidhani atapasuliwa kama mbuzi. Alikataa siku tatu, mpaka daktari alipomchorea kwa kalamu: matundu matatu ubavuni, basi.

Upasuaji huu wa matundu madogo si jambo la jana. Mwaka 1910 daktari wa Uswidi, Hans Christian Jacobaeus, alichukua bomba lenye taa lililotengenezwa kwa kuchungulia kibofu cha mkojo, akachungulia nalo kifua. Na ufundi huo ulitumika zaidi kwa wagonjwa gani? Wa kifua kikuu hicho hicho! Dawa zake zilipopatikana kuanzia miaka ya 1940, ufundi ukafifia, ukarudi kwa nguvu miaka ya 1990 zilipokuja kamera ndogo za video.

Ami alifanyiwa Nairobi. Alitiwa usingizi, pafu moja likanywea huku akipumua kwa la pili, kamera ikapita tundu moja na koleo tundu jingine. Alipoamka alikuta mpira umetoka ubavuni mwake hadi kwenye chupa ya maji chini ya kitanda, maji yakitoa mapovu. Mapovu hayo yalimtisha kuliko kisu. Siku ya pili mpira ukatolewa.

Kipande kilipotazamwa kwa hadubini, ndipo nami niliposhangaa. Namna nyuzi za kovu zinavyopishana katika maradhi haya, wataalamu huiita kwa neno ambalo asili yake, katika Kilatini, ni mkeka. Kifuani mwa mzee wetu mlikuwa mmesukwa mkeka, kama ule wa ukindu wa kwetu pwani, au wa mafunjo wanaousuka kina mama wa Dunga hapa ziwani! Kati ya nyuzi zilijaa chembe zinazotoa kinga iitwayo IgG4, na maradhi yamechukua jina hilo. Wajapani ndio walioanza kuyafumbua, mwaka 2001, katika kongosho. Baadaye ikajulikana kuwa hushika hata tezi za mate, figo na mapafu. Kifua kikuu hakikuwamo, wala saratani.

Akapewa vidonge vya prednisolone, vingi mwanzoni kisha vikapunguzwa kidogo kidogo, na sukari ya damu ikipimwa kila mara kwani vidonge hivyo huipandisha. Baada ya wiki chache pumzi ilirudi, ingawa si yote. Palipokwisha kuwa kovu gumu hapakulainika, na ile miezi sita hakuna wa kuturudishia.

Juzi nilimkuta Dunga akivutana na mvuvi juu ya bei ya ngege. Alipoishiwa na maneno aliinua shati, akamwonyesha makovu matatu, kila moja likizidi kidogo tu kokwa ya tende. Mvuvi aliyatazama, akapunguza shilingi hamsini.